Mguu wa Kushoto

Palikuwa na fundi makochi aliyekuwa na sifa mbili mtaani kwao. Ya kwanza, kochi likipita mikononi mwake halikurudi tena kwa fundi mpaka wajukuu wa mwenye kochi wakue na kuanza kulirukia. Ya pili, aliijua timu kuliko viongozi wa timu. Ukitaka kujua nani alifunga bao la pili kwenye mechi iliyochezwa topeni mwaka ambao wewe hujazaliwa, ulikwenda kwake. Alikutajia mfungaji, aliyetoa pasi na beki aliyeteleza, na kama ulikuwa na nafasi, alikueleza aliteleza kwa mguu upi. Ndiyo maana watu walimwita Maktaba, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Karakana yake ilipakana na chumba cha kinyozi. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo redio moja iliwatosha wote wawili. Wapenzi wa timu walikutana kwa fundi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wengine, kama Mwalimu aliyestaafu, badala ya kwenda popote. Makochi yaliyokwisha kutengenezwa yalifunikwa nailoni na hakuna aliyeruhusiwa hata kuyaegemea. Wageni walikalia yale yaliyovuliwa vitambaa, springi zikiwachoma. Mkewe Maktaba alisema hiyo ndiyo sababu mazungumzo yao kuhusu timu yalikuwa ya uchungu siku zote.

Jumanne moja redio ikatangaza kwamba klabu imemsajili mchezaji kinda kutoka nje ya nchi, umri miaka kumi na tisa, mkataba wa miaka mitatu. Mtangazaji alilitaja jina la kijana mara mbili, kila mara kwa matamshi yake, halafu akahamia kwenye hali ya hewa. Hakusema anacheza namba ngapi. Hakusema katoka timu gani.

Kinyozi akaja upande wa pili na simu mkononi, mteja wake kamwacha kitini na shuka shingoni. Alikuwa amelitafuta jina lile mtandaoni akapata daktari wa meno, mama mmoja anayeuza maua, na picha moja yenye ukungu ya timu ya vijana ambao wote walikuwa wamenyolewa mtindo mmoja. Kama shabiki alikuwa na wasiwasi. Kama kinyozi alisikitika.

Mwalimu akasema miaka miwili timu inalia haina mshambuliaji, leo inaletewa mtoto ambaye hata simu haimjui. Kinyozi akasema pengine kafichwa makusudi, silaha haitangazwi. Mwalimu akamjibu kwamba silaha ikifichwa sana hushika kutu. Wakabishana hivyo mpaka wakaishiwa, na walipoishiwa wakageuka, kama ilivyokuwa kawaida, kumtazama Maktaba.

Maktaba alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari midogo sita kaibana midomoni, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na nyundo iko kwa mwingine. Mtu mwenye misumari mdomoni ana udhuru wa kunyamaza ambao hata mahakama ingeukubali. Angeweza kutikisa bega tu, mambo yakaisha. Lakini kwa miaka thelathini neno "sijui" lilikuwa halijamtoka kuhusu timu, na mtu akizoea kuwa kisima huona haya kukutwa amekauka. Akaitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga juu ya mbao.

"Huyo namfahamu," akasema.

"Wa wapi huyo? Anacheza nini?" Mwalimu akauliza.

"Winga. Mguu wa kushoto."

Hapo angekomea. Lakini ulimi hauna mfupa, na wale wawili walikuwa wamemwinamia kama watoto wanaosubiri kugawiwa chakula. Akawaambia alimwona kwenye televisheni, kwenye mashindano ya vijana, siku alipokwenda kumtazama binamu yake mgonjwa. Kijana ana kasi, akasema, ila si kasi ya papara. Hupunguza kwanza, beki akidhani kachoka, ndipo anaondoka. Na msimu uliopita alifunga mabao thelathini na moja. Thelathini yenyewe aliiona imekaa kiuongo uongo, ndiyo maana akaongeza moja.

Kinyozi akarudi kumaliza kichwa cha mteja, na mteja akaondoka na habari pamoja na nywele zake fupi. Ilipofika Alhamisi uongo wa Maktaba ulikuwa umezunguka mtaa mzima ukamrudia mwenyewe umenenepa, hata akashindwa kuutambua. Mtu aliyeleta kiti kushonwa alimsimulia kwamba mchezaji mpya akimpita golikipa huwa anamwomba radhi kabla ya kufunga. Maktaba akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo hakulisikia. Yule mtu akamwonea huruma, akamweleza zaidi.

Mkewe alikuwa muuguzi kwenye zahanati, mama wa maneno machache na macho makali. Jioni ile, wakiwa wanakula, akasema leo kamshona mtu kidole, na yule mtu badala ya kulia alizungumza juu ya mguu wa kushoto wa kijana fulani mwanzo mpaka mwisho wa nyuzi saba.

"Nikamwuliza kayapata wapi yote hayo. Akaniambia, si kwa mumeo?"

Maktaba akaendelea kutafuna.

"Baba watoto, mimi nakujua. Ukisema kweli maneno yako huwa machache. Huyu kijana umempa mpaka mjomba aliyekuwa golikipa."

"Mjomba sikumtia mimi," Maktaba akajitetea. "Huyo kaongezwa na Mwalimu."

Mkewe akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Alipomaliza kucheka akamwambia kwa upole kwamba maji hayajazidi unga bado. Kesho awaite wenzake awaambie alitania. Maktaba akakubali. Akalala na nia hiyo, akaamka nayo, akaenda nayo kazini, na huko ndiko ilikomfia, kwa sababu Katibu wa tawi la mashabiki alikuwa tayari anamsubiri mlangoni.

Katibu alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu wa haraka aliyenukia hamira. Alikuja na habari kwamba klabu imekubali kumleta mchezaji mpya atembelee tawi lao siku ya Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye darasa kubwa la shule ya msingi. Mambo mawili yalimhusu Maktaba. Kwanza, atayarishe kiti kizuri cha mgeni. Pili, yeye ndiye atakayemtambulisha mgeni kwa wanachama, maana nani mwingine aliyewahi kumwona akicheza? Maktaba akafungua mdomo, lakini mikate ilikuwa inapoa, na Katibu akawa keshaingia garini.

Siku mbili zilizofuata Maktaba hakushika kazi ya mtu. Alitoa kiti chake mwenyewe cha mikono mipana, akakivua, akakaza springi zote, akaweka sponji mpya nene na kukivisha kitambaa cha bluu, rangi ya timu. Alishona ukingo wake kwa mkono, mishono midogo iliyolingana kama punje za mchele. Kinyozi alipopita kuchungulia akamwuliza mbona anahangaika vile, au winga naye ana makalio ya kushoto? Maktaba hakucheka. Mtu mwenye deni la ukweli hufanya kazi kwa bidii sana.

Jumapili darasa lilijaa. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Mgeni aliingia akifuatana na mkalimani, karani wa klabu aliyeijua lugha ya kijana yule na aliyekuwa akifuta jasho muda wote. Mgeni mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwembamba, suruali yake ya michezo imeishia juu ya vifundo. Walipomwonyesha kiti cha bluu alikaa ukingoni kabisa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Katibu akasema maneno yake ya ukaribisho, mkalimani akayafupisha, kisha akaitwa Maktaba, mtu pekee wa mtaa huu aliyewahi kumwona mgeni wetu uwanjani. Makofi yakapigwa. Maktaba akasimama mbele, mfukoni ana karatasi aliyoiandika pande zote mbili, akamtazama yule kijana.

Kijana naye alikuwa anamtazama. Hakuelewa neno hata moja, lakini alikaza macho kama mtu anayetaka sana kuelewa. Maktaba akajikumbuka mwenyewe, miaka kumi na saba, siku alipopelekwa kwenye karakana ya watu mji wa mbali, na mjomba aliyempeleka akawatangazia mafundi wote kwamba huyu mtoto anashona kama mashine. Alikuwa hajawahi kushika sindano. Wiki nzima alikuwa akijificha chooni kila kazi ilipogawiwa. Akaona wazi kwamba ule uongo wa misumari sita hautamwangukia yeye. Watu watamtania siku mbili, basi. Huyu ndiye atakayetafutwa mguu wa kushoto kila Jumamosi.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu kijana mimi simjui."

Nje mtu akasikika akimwuliza mwenzake kasemaje.

"Sijawahi kumwona popote. Niliulizwa, nikaona haya kusema sijui. Mengine yote niliyatunga, na mliyoyaongeza mliyaongeza wenyewe. Kama kuna wa kumlaumu akicheza vibaya, nilaumiwe mimi. Yeye hajatuahidi kitu."

Mkalimani alisitasita, akamtazama Katibu, kisha kwa kuwa hakuwa na la kufanya akatafsiri. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akacheka, meno yote nje, akaegemea nyuma kwenye kile kiti na kuanza kuzungumza haraka haraka, mkalimani akimfuata kwa shida.

Alisema kwamba yeye naye hawajui wao. Alipoitwa aje, mama yake alimkatalia, akamwuliza hiyo timu ni ya namna gani. Yeye alikuwa hajui hata jezi yake ina rangi gani, lakini akamwambia mama ni timu kubwa mno, uwanjani wanaingia watu elfu thelathini, na wote wamekwisha kuliimba jina lake. Mama ndipo akamfungia mizigo. Tangu afike, kila akipiga simu mama anataka kuwaona hao elfu thelathini.

Kinyozi akainua mkono kama mwanafunzi, akauliza kijana anatumia mguu gani.

"Kulia," mkalimani akajibu. "Na si winga. Ni beki wa kati."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alilala juu ya dawati machozi yakimtoka, na mtu mmoja dirishani akaomba aelezwe sasa yule mjomba golikipa wamweke wapi. Kijana akataka kujua wanacheka nini. Alipoambiwa, akauliza kwenye hizo habari zake alikuwa amefunga mabao mangapi. Thelathini na moja, akaambiwa. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema maishani mwake amefunga moja tu, nalo aliifunga timu yake mwenyewe. Maktaba alikuwa bado kasimama pale mbele, karatasi mfukoni, hajui akae au atoke. Yule kijana akainuka, akaja, akampa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Wiki iliyofuata Maktaba aliulipia uongo wake. Watu ambao hawakuwa na kochi wala kiti walipita karakanani kumsabahi. Mmoja alikuja kuuliza kama kesho mvua itanyesha, na itanyeshea mguu gani. Mwalimu alimtungia hesabu: mtu ana mabao thelathini na moja, akaondoa thelathini na moja, amebakiwa na nini? Hata wagonjwa wa zahanati walimwuliza mkewe kama na dawa zinatoka kwa mumewe. Maktaba alivumilia, misumari mdomoni, na safari hii hakuitoa. Lakini jambo moja lilimshangaza. Sasa kwa kuwa alikwisha kusema sijui mara moja, watu walianza kumweleza mambo. Akagundua kwamba Kinyozi, aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na miwili, aliwahi kucheza timu ya vijana ya klabu mpaka goti lilipomtoka. Maktaba alikuwa anazijua takwimu zote za timu ile, na jina la Kinyozi alikuwa halijui.

Alhamisi kijana mwenyewe akaja, peke yake, ameulizauliza njia kwa kuchora kochi hewani. Alikuwa anazungumza na mama yake kwenye simu, kwa picha. Akamwelekezea Maktaba kioo cha simu, na humo alikuwemo mama mmoja mwenye kilemba amekunja uso. Maktaba akamwamkia kwa heshima zote. Mama akajibu kwa lugha yake, maneno marefu yenye swali mwishoni. Kijana alikuwa na Kiswahili cha wiki mbili. Akatafuta neno, akalipata.

"Mama anasema, wachache."

Maktaba akagonga ukuta wa mbao. Kinyozi akaja na mteja wake aliyenyolewa nusu, Mwalimu akanyanyuka kwenye springi zake, na Maktaba akatoka mpaka barabarani akawaita wapita njia: mama wa mboga, mafundi baiskeli wawili, Katibu aliyekuwa ndiyo kwanza anashusha mikate, na kundi la wanafunzi wanaotoka shule. Wote wakajipanga mbele ya makochi, wafupi mbele. Walipoombwa kuliimba jina la kijana kila mmoja aliimba kwa matamshi yake. Haikuwa elfu thelathini, lakini karakana ilikuwa ndogo na kioo cha simu kidogo zaidi, na mama akaonekana anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akamsemesha mwanawe kwa ukali. Baadaye kijana alieleza, kwa maneno na mikono, kwamba aliambiwa avae soksi.

Jumamosi ilikuwa mechi. Mkewe Maktaba, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukanyaga uwanjani, akasema atakwenda, maana kijana ambaye amemsikia hadi kwenye nyuzi saba ni haki yake kumwona. Wakakaa kwenye ngazi za saruji, jua la alasiri linawatazama usoni, Kinyozi na Mwalimu pembeni yao.

Nusu saa haijaisha beki wa kati wa siku zote akashika paja akalala. Mkewe Maktaba akasimama na kumwelekeza daktari wa timu, kutoka ngazi ya kumi na nane, namna ya kumnyoosha mtu mguu. Kijana akaingia. Mpira wa kwanza aliougusa alimpa adui. Wa pili ulimpita katikati ya miguu, na jukwaa zima likaguna kama mlango mzito.

"Maktaba," Kinyozi akasema, "ulifanya vizuri kumkana huyu mapema."

Lakini baada ya hapo kijana akatulia. Hakufanya jambo la kuandikwa. Alisimama panapostahili, akaruka pa kuruka, na kila mpira aliouondoa aliuondoa kwa nguvu kana kwamba umemtukania mama. Timu ikapata bao, ikarudishiwa, na dakika ya mwisho mpira wa kona ukawapita watu wote ukawa unaelekea golini. Kijana akauzuia mstarini kwa goti, au kwa tumbo. Suala hilo bado halijaamuliwa pale karakanani. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Alipokuja kupungia jukwaa alimwona Maktaba, akaupiga mguu wake wa kushoto makofi mawili na kutikisa kidole, hapana.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani mkewe akauliza mechi nyingine ni lini. Maktaba akamwambia ni baada ya wiki mbili.

"Nitakwenda," mkewe akasema. "Ila nina neno. Mwanamume anayetengeneza viti vya mji mzima, anamkalisha mkewe kwenye saruji tupu kwa saa mbili. Kiuno sina."

Jumatatu asubuhi Maktaba akashusha gombo la sponji na kukata vipande viwili vya kukalia, kimoja kipana kidogo kuliko kingine. Saa nne ilipofika Kinyozi na Mwalimu nao walikuwa wamekwisha kupimwa.